Virutubisho vya asili kwa ng'ombe wa nyama: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Uganda

Ikifika mwezi wa pili huku Nakasongola, nyasi zimekauka zikashika rangi ya mkeka mkuukuu. Ng'ombe anatoka zizini alfajiri, anashinda akila, jioni anarudi tumbo limejaa kama ngoma, na bado mbavu zake unazihesabu ukiwa umesimama langoni. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilidhani ni minyoo. Nikanunua dawa, nikawanywesha wote, mwezi ukaisha wakawa vilevile. Mzee anayenichungia, aliyekulia kwa ng'ombe tangu utotoni, akaniita asubuhi moja, akakigusa kinyesi kwa ncha ya gambuti. Kikakatika vipande vikavu. "Tazama," akasema, "kigumu, kimepangana kama chapati za jana. Huyu anakula, ila hapati kitu."

Maneno yale ndiyo msingi wa mwongozo huu, na sababu yake ni hii. Ng'ombe hasagi nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Katika chumba kikubwa cha tumbo lake, kiitwacho rumeni, wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaovunja nyasi na kuzigeuza chakula. Vijidudu hao wanahitaji protini. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, wanadhoofika, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu bila kusagwa, na ng'ombe anapunguza kula kwa sababu tumboni hana nafasi. Nyasi zilizokaukia porini mara nyingi zina asilimia 3 hadi 5 tu. Ndiyo maana kilo moja ya mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kwa siku inaweza kufanya kazi ambayo ekari nzima ya nyasi kavu haiwezi. Unawalisha vijidudu kwanza, nao wanamlisha ng'ombe.

Ninaposema virutubisho vya asili nina maana ya vitu vinavyotoka shambani, kinuni, kiwandani kama mabaki, au ziwani: majani ya mikunde, mashudu, pumba, molasi, machicha, chumvi. Simaanishi kwamba kila kitu cha asili ni salama. Mhogo mbichi ni wa asili na unaua. Pumba yenye ukungu ni ya asili pia. Mbolea ya urea sikuiweka humu. Wapo wanaoitumia vizuri chini ya uangalizi wa afisa mifugo, lakini kosa dogo la kipimo, au mvua kuingia horini ikaiyeyusha, linaua ng'ombe ndani ya saa chache, na kwa ndama haifai kabisa.

Hatua ya kwanza: msome ng'ombe kabla ya kufungua pochi

Anza na kinyesi, kwa kuwa hakidanganyi. Kikiwa laini, kimetandaa kama uji mzito wenye shimo dogo katikati, malisho yana protini ya kutosha. Kikiwa kirefu, kikavu, chenye matabaka, protini imepungua. Kikiwa maji na kijivu, chenye harufu ya uchachu, umezidisha nafaka au pumba. Kiangalie angalau mara 2 kwa wiki, kwenye vinyesi vingi, maana kinyesi cha ng'ombe mmoja kinaweza kuwa na sababu yake.

Kisha tazama manyoya. Ng'ombe mweusi anayegeuka wekundu wa kutu, na nywele zilizofifia kuzunguka macho kama amevaa miwani, huenda amepungukiwa na shaba. Anayetafuna mifupa porini anatafuta fosforasi, na hilo ni la hatari kuliko linavyoonekana: mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu inayopooza misuli mpaka mnyama anakufa, au vimelea vya kimeta. Kimeta kimewahi kuua wanyama na watu hapa Uganda. Ukiona mfupa malishoni usiuguse kwa mkono mtupu, na mzoga usioujua usiuchune. Mwite afisa mifugo. Anayelamba udongo wa kichuguu, ukuta wa zizi au mahali palipokojolewa, ana njaa ya chumvi. Anayejigonga kwenye nguzo jioni, baada ya miezi mingi ya kiangazi, huenda amepungukiwa na vitamini A, ambayo ng'ombe huipata kwenye majani mabichi na kuiweka akiba kwenye ini.

Jambo la mwisho katika kumsoma ni uzito. Mizani ya ng'ombe wachache wanayo, ila mkanda wa fundi cherehani kila mtu anaupata. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,838. Maksai mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa 125 ana kilo 260 hivi. Si kipimo cha dhahabu, lakini ukipima mnyama yuleyule, saa ileile ya asubuhi kabla hajanywa maji, utajua anapanda au anashuka. Andika kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwani hukosea, tena hukosea kwa kumpendelea mwenye ng'ombe.

Hatua ya pili: kupe, minyoo na maji

Hapa sitakaa sana, lakini ukiiruka hatua hii fedha ya virutubisho umeitupa. Kupe anakunywa damu uliyoilipia kwa mashudu, na ndiye analeta amakebe, yaani ndigana kali. Kupe wa Uganda wengi wamezoea dawa kwa sababu tunazichanganya ovyo na kupima kwa kukisia, kwa hiyo fuata kipimo cha kibandiko na ubadilishe kundi la dawa kwa ushauri wa daktari wa mifugo, si kwa ushauri wa jirani. Nywesha dawa ya minyoo wiki moja kabla ya kuanza kulisha. Kama unachungia kwenye kinamasi, uliza hasa kuhusu minyoo ya ini.

Maji: ng'ombe mkubwa anahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, na zaidi kukiwa na jua kali au akila chakula kikavu. Anayetembea kilomita 8 kwenda bwawani na kurudi anaichoma njiani nguvu uliyompa horini. Kama huwezi kuyaleta maji karibu, mlishe baada ya kurudi, si kabla ya safari.

Hatua ya tatu: chumvi na madini

Katika Ziwa Katwe, wilayani Kasese, watu wamekuwa wakichimba chumvi tangu zamani za mababu, na chumvi ya mawe kutoka huko inafika kwenye minada ya ng'ombe karibu nchi nzima. Ni nzuri kwa kumpa ng'ombe sodiamu, ambayo nyasi za kwetu hazina ya kutosha. Weka jiwe chini ya paa dogo ili mvua isilioshe, juu ya gurudumu kuukuu au kigogo, mahali ng'ombe wanapopita kila siku. Ukitumia chumvi ya unga, gramu 30 hadi 50 kwa ng'ombe mkubwa kwa siku zinatosha, na maji yawe karibu.

Wengi hukosea hapa: wanadhani jiwe la chumvi limemaliza habari ya madini. Chumvi haikuletei fosforasi, na fosforasi ndiyo inayojenga mifupa ya ndama na kumfanya mtamba ashike mimba. Kwa njia ya asili iko kwenye pumba za mahindi na za ngano, na kwenye mashudu. Kalsiamu iko kwenye majani ya mikunde na kwenye chokaa safi ya kulishia mifugo. Kwa hiyo ng'ombe anayepata pumba kidogo, majani ya mikunde na jiwe la Katwe amekaribia sana kukamilisha madini makubwa. Madini madogo kama shaba, kobalti na zinki ni habari nyingine. Ukiona dalili zake, nunua mchanganyiko wa madini wa dukani, huo hauna mbadala wa shambani ninaouamini. Usinunue wa ng'ombe wa maziwa wa bei ghali ukidhani ni bora zaidi kwa maksai.

Unga wa mifupa unaouzwa bila kibandiko sokoni achana nao. Hujui mfupa ule ulitoka kwenye mzoga gani.

Hatua ya nne: protini, na hapa ndipo penye kazi

Ukiwa na fedha kidogo na kiangazi kinakuja, peleka fedha yote kwenye protini. Kuna njia mbili, kuinunua na kuiotesha.

Ya kununua ni mashudu. Mashudu ya pamba hutoka kwenye vinu vya kaskazini na mashariki, na ya alizeti mengi hutoka upande wa Lira. Ya pamba yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana protini chini ya theluthi moja hivi, yaliyomenywa yana zaidi. Kwa ng'ombe anayechungwa kwenye nyasi kavu, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku inatosha kumzuia asikonde. Ndama mwenye umri chini ya miezi 4 asipewe ya pamba, kwa sababu yana sumu iitwayo gosipoli ambayo tumbo lake changa haliwezi kuimaliza, na fahali wa mbegu naye mpunguzie au umpe ya alizeti. Mashudu ya karanga ni matamu kwa ng'ombe lakini yanashika sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, upesi. Yakiwa na harufu ya udongo wenye unyevu au rangi ya kijani kibichi kwenye kingo, yarudishe.

Ya kuotesha ndiyo ninayoipenda, maana haina lori wala mtu wa kati. Ni miti ya mikunde ya kukatia majani. Kaliandra inapendeza pande zenye mvua nzuri. Huku kwetu pakavu, glirisidia na lusina huvumilia zaidi. Panda kwenye mpaka wa shamba, mche hadi mche nusu mita, mwanzo wa mvua. Usikate mwaka wa kwanza mpaka mti ukupite kichwa, kisha kata kwenye usawa wa kiuno, na rudia kila baada ya miezi 2 au 3 ya mvua. Glirisidia mbichi ina harufu inayowakimbiza ng'ombe wasioizoea. Ianike kivulini usiku mmoja inyauke, nyunyiza maji ya chumvi au ya molasi, changanya na majani wanayoyapenda, na ndani ya wiki wataizoea. Lusina ina mimosini, kitu kinachonyonyoa manyoya na kuharibu tezi kikizidi, kwa hiyo isipite theluthi moja ya chakula chote. Kwa kaliandra pia theluthi ndiyo mwisho, kwa sababu ya ukakasi wake mkali unaofunga protini.

Fiwi, ambayo wengi huku huiita lablabu, ni zao la kupanda katikati ya mahindi baada ya palizi ya kwanza. Mahindi yakivunwa, fiwi inatambaa na kuendelea kukua kwa unyevu uliobaki. Ikate ikianza tu kutoa maua, kabla majani hayajaanza kudondoka, ianike siku 2 au 3 ukiigeuza jioni, halafu ifunge. Sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, linakutolea robota la kilo 20 hivi. Tandaza kamba 2 ndani, jaza, kanyaga kwa miguu, funga. Mtu 1 na kijana 1 wanafunga marobota ya kutosha kwa siku moja. Marando ya viazi vitamu nayo usiyaache shambani baada ya kuvuna, yana protini nzuri na ndama wanayapenda.

Nakasongola ina adui ambaye mfugaji wa Mbarara huenda hamjui sana, naye ni mchwa. Robota likilala chini usiku 3, asubuhi ya 4 unakuta ganda tu, ndani udongo. Jenga chanja la nguzo lenye urefu wa mita moja, paka nguzo mafuta machafu ya gari sehemu ya chini, na kagua kila wiki. Pale ambapo mchwa wameshamaliza nyasi na kuacha uwanja mtupu, njia iliyojaribiwa huku ikafaulu ni kuwalaza ng'ombe usiku juu ya uwanja huo kwa wiki 2 hivi, kisha kupanda mbegu za nyasi. Samadi na kwato zinairudisha ardhi, na mchwa wanahangaika na samadi badala ya miche. Nimelifanya hili kwenye kipande kisichofika nusu ekari, na mvua ya mwezi wa 4 ilipokuja nyasi zilisimama.

Tahadhari moja kubwa: usiwafungulie ng'ombe wenye njaa kwenye mikunde mibichi yenye umande. Tumbo litavimba kwa gesi upande wa kushoto, na wanaweza kufa kabla hujapata usafiri wa kumleta daktari. Wape nyasi kavu kwanza, na mikunde iwe imenyauka.

Hatua ya tano: nguvu

Protini ikishapatikana, ndipo chakula cha nguvu kinapoleta nyama. Pumba ya mahindi ndiyo tegemeo, lakini soko limejaa udanganyifu. Niliwahi kuuziwa magunia 10 yaliyochanganywa na magunzi yaliyosagwa, nikashangaa mwezi mzima kwa nini ng'ombe hawapandi. Sasa sinunui bila kupima. Chukua gilasi ya maji, tia konzi ya pumba, koroga, subiri dakika chache. Magunzi na vumbi la mbao huelea juu, mchanga huzama chini kabisa ukaonekana wazi. Kisha ingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Kukiwa na joto au mabonge, ukungu umeshaanza.

Molasi inapatikana kwenye viwanda vya sukari, Kakira na Lugazi upande wa mashariki, Kinyara upande wa Masindi. Ina nguvu ya haraka na inayafanya majani makavu yalike, lakini protini yake ni kidogo mno. Ichanganye na maji, molasi 1 kwa maji 2, nyunyizia mabua yaliyokatwakatwa. Isizidi sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za chakula cha nyongeza.

Machicha ya bia ni chakula kizuri sana chenye protini, lakini ukipakia kilo 100 umepakia maji kilo 75 hadi 80. Piga hesabu ya lori kwa kilo zinazobaki, si kwa tani zilizopimwa getini. Kwa mfugaji wa Wakiso au Mukono, aliye karibu na viwanda vya bia, hesabu inakubali, kwa mfugaji wa Karamoja aliye mbali haikubali. Huharibika ndani ya siku chache, kwa hiyo yashindilie kwenye pipa, ufunike na plastiki na uzito juu, hewa isiingie.

Maganda ya matoke kutoka masoko ya Kampala ni mengi na ya bei ndogo, nayo yana maji mengi na protini haba. Shida yake kubwa ni kaveera, mifuko ya plastiki. Tumbo la ng'ombe halisagi plastiki, na nyuzi zake hujisokota zikawa bonge linaloziba njia ya chakula mpaka mnyama anakonda na kufa polepole. Tandaza maganda yote juu ya turubai, pitia kwa mikono, toa kila kaveera, kila msumari, kila waya. Kama huna mtu wa kufanya kazi hiyo kila siku, usiyalete.

Maganda ya mihogo yaanike juani mpaka yavunjike kwa mkono, siku 3 au zaidi, ndipo yaingie horini. Mtama mchanga uliochipua baada ya kukatwa nao una sumu ileile ya mhogo, sianidi. Subiri upite usawa wa goti na uzidi.

Kuhusu mitishamba. Mululuza (mti wa majani machungu), majani ya mlonge, vitunguu saumu, mbegu za papai: kila mnada una mtu anayeviuza. Majani ya mlonge ni chakula kizuri chenye protini nyingi, nayatumia kwa ndama. Mengine sikatai kwamba yana faida, wazee wetu waliyatumia. Lakini usimwache ndama mwenye minyoo akifa huku unasubiri mululuza ufanye kazi.

Hatua ya sita: jiwe la kulamba la kutengeneza nyumbani

Hili linamfaa anayechunga mbali na nyumbani, asiyeweza kubeba pumba kila siku. Kwa kilo 100: molasi 40, pumba 25, mashudu ya pamba 15, saruji 10, chumvi 8, chokaa ya mifugo 2.

Changanya kwanza saruji, chumvi na chokaa na lita 3 au 4 za maji mpaka iwe uji mzito. Mimina kwenye molasi, koroga. Zaidi ya maji hayo ya saruji, molasi isipunguzwe kwa maji hata kidogo. Ongeza mashudu, mwisho pumba kidogokidogo, ukikanda kwa koleo juu ya bati. Ukipata mchanganyiko unaoshikana ukiubana mkononi bila kudondosha maji na bila kunata kwenye vidole, upo tayari. Jaza kwenye ndoo au kopo lililopakwa mafuta kidogo, shindilia kwa mti tabaka kwa tabaka, geuza, vuta ndoo. Kausha kivulini siku 10 hadi 14. Jua likilipiga litapasuka.

Watu huogopa saruji. Kwa kiasi hicho kazi yake ni kugandisha tu, na haijawahi kunidhuru mnyama. Jiwe zuri ng'ombe hulilamba, haling'ati. Nusu kilo kwa siku kwa mkubwa ni kipimo kizuri. Wakilimaliza kwa siku moja limekuwa laini, ongeza saruji kidogo mara nyingine. Wasiliguse wakiwa na njaa kali: wape majani kwanza.

Hatua ya saba: siku 90 za kunenepesha

Chagua maksai au fahali mwenye meno ya kudumu 2 hadi 4, mwenye fremu kubwa, mgongo mrefu, aliyekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa. Huyo hupanda haraka, maana mwili unalipiza njaa yake. Mnyama mfupi aliyedumaa tangu udogoni hatakulipa.

Hesabu siku nyuma kutoka kwenye soko. Kwa Krismasi, anza katikati ya mwezi wa 9, mvua ya pili ikiwa inaleta nyasi. Idd el-Adha huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usitumie tarehe ya mwaka jana, na wanunuzi wa kuchinja watauliza umri: ng'ombe wa udhia awe ametimiza miaka 2 na asiwe na kilema.

Chakula cha nyongeza, kwa kilo 100: pumba ya mahindi 70, mashudu ya pamba 20, molasi 8, chumvi 1, chokaa 1. Kina protini karibu asilimia 13 au 14. Lengo ni kilo 1 ya mchanganyiko kwa kila kilo 100 za uzito wa ng'ombe, yaani kilo 2.5 kwa maksai wa kilo 250, pamoja na majani anavyotaka. Usiufikie kwa siku moja. Wiki ya kwanza nusu kilo asubuhi tu. Wiki ya pili kilo 1 hadi 1.5, ukigawa asubuhi na jioni. Wiki ya tatu ndipo kipimo kamili. Vijidudu wa rumeni walikuwa wanakula nyasi, wanahitaji wiki 3 kubadilika.

Nilijifunza kwa hasara. Usiku mmoja komeo la stoo halikufungwa vizuri, na maksai wangu wa Ankole, aliyekuwa siku ya 6 tu ya kuzoeshwa chakula hicho, akaingia. Alfajiri nilimkuta amelala karibu na gunia lililopasuka, masikio baridi, macho yamezama, nyuma yake kinyesi cha kijivu chenye povu na harufu ya togwa iliyooza. Nafaka ikiingia nyingi kwa mara moja hugeuka tindikali tumboni. Daktari alifika mchana, akajitahidi, lakini jioni hatukuwa naye tena. Stoo yangu sasa ina komeo 2, na nazikagua mwenyewe kabla ya kulala.

Hori lipe nafasi. Vipimo vya kawaida ni sentimita 60 kwa kila ng'ombe, lakini hivyo ni vya ng'ombe mwenye pembe fupi. Ankole wenye pembe pana wakipangwa hivyo, mmoja anakula na 3 wanasimama nyuma wakiogopa kuchomwa. Wape mita moja na nusu au zaidi, au tumia mapipa yaliyopasuliwa katikati, yakiwa yametawanyika uani. Mnyonge wa kundi mlishe kando.

Hatua ya nane: pima, ulinganishe, uuze

Pima kila baada ya wiki 2. Nusu kilo kwa siku ni matokeo mazuri kwa ng'ombe wa kienyeji anayechungwa na kuongezewa. Chotara wa Boran anayelishwa vizuri atapita hapo. Asiyeongezeka baada ya wiki 4 anaumwa, ananyimwa chakula na wenzake, au pumba yako ni ya magunzi. Jumlisha gharama ya chakula cha wiki 2, gawanya kwa kilo zilizoongezeka, linganisha na bei ya kilo ya ng'ombe hai mnadani. Siku gharama ya kuongeza kilo moja inapofikia bei ya kuiuza, muuze, hata kama siku 90 hazijatimia. Mwili ukishakomaa, chakula kinaingia kwenye mafuta, na wachinjaji wengi wa kwetu hawakulipi kwa mafuta.

Wiki moja kabla ya kuuza, uliza kwa afisa mifugo wa wilaya kama kuna karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwa sababu ikitangazwa hakuna kibali cha kusafirisha na utabaki ukimlisha mnyama aliyekwisha kukomaa. Hakikisha pia siku za kungojea baada ya dawa ya kupe au ya minyoo zimepita. Usiku wa kuamkia safari ondoa pumba na mashudu, mwachie nyasi kavu na maji, ili asiharishe ndani ya lori. Mpakie alfajiri kabla jua halijachomoza.